Dookie, Smash au ...And Out Come the Wolves: Albamu Ipi ya Panki ya Utotoni Uirudie Kwanza?

Watu waliokuwa watoto wa shule katikati ya miaka ya 1990, na ambao masikio yao yalinaswa na muziki wa panki kutoka California, sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto, na wengi wao wanatamani kuzirudia albamu zile kwa utulivu, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachowakwamisha ni pa kuanzia. Muda ni mchache, na albamu inayosikilizwa vipande vipande katikati ya shughuli haitoi kile ambacho msikilizaji amekifuata. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya anayesitasita kati ya albamu tatu: Dookie ya Green Day, iliyotoka tarehe 1 Februari 1994; Smash ya The Offspring, iliyotoka tarehe 8 Aprili mwaka huohuo; na ...And Out Come the Wolves ya Rancid, iliyotoka tarehe 22 Agosti 1995.

Nimezichagua hizi kwa sababu ni ndugu wa karibu. Green Day na Rancid walitoka upande mmoja wa ghuba ya San Francisco, na wanamuziki wao walikulia katika ukumbi uleule wa 924 Gilman Street, mjini Berkeley. The Offspring, wa Orange County upande wa kusini, walikuwa na Rancid chini ya kampuni moja ya kurekodi, Epitaph, iliyoanzishwa na Brett Gurewitz wa bendi ya Bad Religion. Jerry Finn, aliyeshiriki kuchanganya sauti za Dookie, ndiye aliyeitayarisha albamu ya Rancid pamoja na bendi yenyewe. Albamu zilizozaliwa karibu hivi hazitofautiani sana kwa vyombo wala kwa kasi. Tofauti yake kubwa imo katika yale zinayoyasema, na hayo ndiyo ambayo mtoto hakuyasikia vizuri.

Vigezo vya kupimia

Albamu mpya huulizwa kama inapendeza. Albamu ya utotoni lazima iulizwe pia ni kipi ndani yake kilikuwa chake, na ni kipi kilipachikwa na msikilizaji kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa hiyo nimezipima zote tatu kwa mambo matano: maneno ya nyimbo yanavyosikika mtu akishakomaa, sauti na upigaji wa vyombo, urefu na mpangilio, kufaa kwake katika nyumba yenye watoto, na toleo linalostahili kutafutwa leo. Kigezo cha kwanza nimekipa uzito kuliko vingine vyote. Wengi wetu tulizisikia nyimbo hizi tukiwa na Kiingereza cha darasani; tulishika viitikio, tukaziacha beti. Kuzirudia sasa maana yake ni kuzisikia beti kwa mara ya kwanza.

Maneno ya nyimbo

Wanamuziki watatu wa Green Day, yaani Billie Joe Armstrong, Mike Dirnt na Tré Cool, wote walikuwa na miaka 21 siku Dookie ilipotoka, na umri huo unasikika kila mahali. "Longview" ni kijana anayeshinda kutwa nzima mbele ya televisheni, amechoka kwa kutofanya chochote. "Welcome to Paradise", ambao walikuwa wameshaurekodi katika albamu yao iliyotangulia, ni kijana aliyeondoka kwa mama yake na kwenda kuishi katika mtaa wenye hatari wa Oakland, na anayeanza kuuona mtaa huo kuwa nyumbani. Mtoto husikia utundu tu katika nyimbo hizi. "Basket Case" ndio unaobadilika kuliko zote. Utotoni ulikuwa wimbo wa kupiga kelele na kujifanya mwendawazimu. Ukiusikiliza leo, unamsikia mtu anayeuliza kwa dhati kama akili yake inamwacha. Armstrong ameeleza kwamba aliuandika kwa sababu ya mishtuko ya hofu iliyokuwa ikimpata, na kwamba ilipita miaka kabla hajajua kuwa ule ni ugonjwa wenye jina. Nauona kuwa mmoja wa nyimbo za kweli zaidi kuhusu afya ya akili zilizowahi kupata umaarufu mkubwa, na unastahili kusikilizwa hivyo.

Albamu hiyo ina pia "Emenius Sleepus", wimbo mfupi wenye maneno ya Dirnt, kuhusu kukutana na rafiki wa zamani na kugundua kwamba amegeuka mtu mwingine. Mtoto huupita bila kuutazama. Kwa upande mwingine, "Having a Blast", ambamo msimulizi amejifunga milipuko na anataka kuangamia pamoja na walio karibu naye, umekuwa mgumu kuusikia. Msikilizaji anayekumbuka Nairobi na Dar es Salaam za Agosti 1998 hataweza kuuchukua kama mzaha wa kijana mwenye hasira, hata akijua kwamba uliandikwa miaka kadhaa kabla.

Smash ni kazi ya watu waliokuwa wamekwisha kukua. Dexter Holland, mwimbaji na mtunzi wake mkuu, alikuwa na miaka 28 na alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu ya biolojia ya molekuli katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Baadaye aliyarudia masomo hayo na kupata shahada ya uzamivu mwaka 2017. Mpiga gitaa Noodles alikuwa mfanyakazi wa usafi wa shule. Si ajabu basi kwamba hadithi za albamu hii ni za mambo yanayoonekana barabarani na shuleni: magenge na silaha katika "Come Out and Play", dereva mwenye bunduki na hasira zisizozuilika katika "Bad Habit", rafiki anayemezwa na dawa za kulevya katika "What Happened to You?". "Self Esteem" tuliuimba wote kwa sauti ya juu bila kufikiri. Beti zake zinamhusu mwanamume anayedhalilishwa na mpenzi wake, anayejua kuwa anadhalilishwa, na anayerudi kila mara. Mtu aliyewahi kukaa katika uhusiano wa namna hiyo, awe mwanamume au mwanamke, atausikia kwa namna ambayo mtoto hawezi kabisa.

Kuna jambo moja la Smash ambalo msikilizaji wa Afrika Mashariki hawezi kulikwepa. Albamu ilitoka siku moja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza nchini Rwanda, tarehe 7 Aprili 1994, na ndani yake kuna wimbo uitwao "Genocide", unaolitumia neno hilo kuelezea jamii ya watu wanaotafunana ili kila mmoja apate cha kwake. Bendi ilikwisha kuurekodi na haikuwa na namna ya kujua. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kigali, Bujumbura, Goma au Bukoba, wimbo huo una uzito ambao watunzi hawakuupanga, na ni halali kabisa kuuruka.

Rancid waliandika kwa namna nyingine tena. Tim Armstrong na Matt Freeman walikuwa wamekua pamoja katika mji mdogo wa Albany, California, wakaunda bendi ya Operation Ivy mwaka 1987, na bendi hiyo ikavunjika mwaka 1989 baada ya kutoa albamu moja tu. Baada ya hapo Armstrong alipita katika ulevi mzito. Albamu ya 1995 imejaa historia hiyo: "Journey to the End of the East Bay" inasimulia kuanza na kufa kwa Operation Ivy, "Roots Radicals" inamkumbuka kijana aliyepanda basi kwenda mjini na kuukuta muziki wa Jamaika pamoja na panki, "Old Friend" ni wimbo wa huzuni inayorudi kama mtu anayefahamika. Jina la albamu lenyewe, linalozungumzia mbwa mwitu wanaojitokeza, linahusu kampuni kubwa za muziki zilizowaandama wasaini mkataba baada ya Dookie na Smash kuonyesha kwamba panki inaleta fedha. Walizikataa, wakabaki Epitaph. Mtoto hakuweza kujua hayo. Mtu mzima aliyewahi kufanya uamuzi wa kubaki mahali palipomlea, au kuondoka, atayasikia moja kwa moja.

Inafaa kusema kwamba Green Day walichagua njia ya pili. Waliiacha Lookout!, kampuni ndogo ya kwao, wakasaini na Reprise, na ukumbi wa Gilman, ambao haukuruhusu bendi za kampuni kubwa, ukawafungia mlango. Siwahukumu kwa hilo. Bila uamuzi huo nyimbo zao zisingefika katika televisheni zetu na kaseti zetu za kunakiliwa. Lakini albamu hizo mbili, zikisikilizwa kwa kufuatana, zinaonyesha njia panda moja ikitazamwa na watu wawili waliokuwa wakifahamiana vizuri.

Sauti na upigaji

Dookie ilirekodiwa mwaka 1993 katika Fantasy Studios, Berkeley, chini ya mtayarishaji Rob Cavallo, na kwa upande wa usafi wa sauti ndiyo imezeeka vizuri zaidi. Vyombo ni vitatu tu, na kila kimoja kimepewa nafasi yake. "Longview" inaanza kwa ngoma na besi peke yake, na gitaa linapoingia kwenye kiitikio unaelewa kwa nini lilicheleweshwa. Spika ndogo za simu huificha besi hiyo, kwa hiyo aliyezoea kuusikia wimbo huu kwenye simu bado hajaurudia kwa kweli.

Smash ilitayarishwa na Thom Wilson kwa bajeti ndogo, huko North Hollywood, na hatimaye ikauza zaidi ya nakala milioni 11 duniani, idadi ambayo albamu chache sana za kampuni huru zimewahi kuifikia. Sauti yake ni nzito na imebanana. Magitaa yanajaza kila pengo, na sauti ya Holland inapita juu yake ikiwa kali na ya juu sana. Kwa sikio la mtu mzima, nusu saa ya hayo inaweza kuchosha. Lakini ule mstari wa gitaa wa "Come Out and Play" una ladha ya Kiarabu, na sikio lililolelewa na taarabu huushika papo hapo, jambo ambalo huenda ndilo lililotuvuta utotoni bila sisi kujua sababu.

Kwa upigaji wa vyombo, naweka mkono wangu kwa Rancid. Matt Freeman ni mpiga besi wa daraja la juu, na katika "Maxwell Murder", wimbo wa kwanza kabisa, besi yake inaachwa peke yake ikimbie kwa namna ambayo wapiga gitaa wengi wangeionea wivu. Kisha kuna ska. "Time Bomb" ina kinanda cha ogani na gitaa linalokatakata katikati ya mapigo, mtindo wa Jamaika uliotangulia rege na kuizaa. Msikilizaji aliyekulia kwenye rege, ambayo Afrika Mashariki imeipenda kwa miongo mingi, atajikuta nyumbani hapa kuliko katika albamu zile mbili. Kikwazo ni uimbaji. Tim Armstrong huyaburuta maneno na kuyameza nusu, kiasi kwamba hata wenye lugha yao huhitaji kuyasoma. Atakayetaka kuzifaidi beti zake hana budi kuketi na maneno yaliyochapwa mbele yake.

Urefu na mpangilio

Dookie ina nyimbo 14 na wimbo mmoja uliofichwa mwishoni, ulioimbwa na mpiga ngoma Tré Cool, na yote huisha kwa takribani dakika 39. Mpangilio wake haulegei popote. Smash ina vipande 14 na takribani dakika 47, ingawa cha mwisho kinakaribia dakika 11 huku sehemu yake ikiwa kimya. Wolves ina nyimbo 19 na inakaribia dakika 50. Theluthi yake ya mwisho ina nyimbo mbili au tatu ambazo nisingezililia zikipunguzwa.

Kusikiliza mbele ya watoto

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na tuliozipenda utotoni tuliponea kwa kutoelewa. Watoto wetu wa leo wanaelewa. "Longview" inazungumzia waziwazi bangi na mambo ya faragha. "Bad Habit" ya The Offspring ina mahali ambapo muziki unasimama na Holland anamwaga matusi mfululizo bila chombo chochote kumfunika. Mzazi asiyeukumbuka wimbo huo atafadhaika vibaya mbele ya mama mkwe. Rancid nao wana matusi na habari za dawa za kulevya, lakini hayakusanyiki mahali pamoja, na matamshi ya Armstrong yanayafunika mengi.

Kwa mwenye mtoto wa miaka kumi na mitano hali ni tofauti. "Basket Case" inaweza kufungua mazungumzo kuhusu wasiwasi, na "Self Esteem" mazungumzo kuhusu kujiheshimu katika mapenzi, mambo ambayo wazazi wengi wa kwetu hawajui pa kuyaanzia. Rancid nao wana "The Wars End", kuhusu mvulana aitwaye Sammy ambaye mama yake anaingia chumbani na kuivunja santuri yake ya Billy Bragg kwa kuwa hapendi siasa zilizomo. Utotoni tulikuwa upande wa Sammy. Mzazi anayeusikiliza leo anawasikia wote wawili.

Toleo la kutafuta

Huduma za kusikiliza kwa intaneti zinazo zote tatu, na zinatosha kwa kuanzia. Anayetaka kumiliki atafute CD za wakati ule, kwa sababu katikati ya miaka ya 1990 sauti haikuwa ikisukumwa juu na kubanwa kama ilivyofanywa katika muongo uliofuata. Dookie ina mvuto wa ziada kwa wakusanyaji: nakala za mwanzo zina picha ya nyuma inayomwonyesha mwanasesere Ernie wa kipindi cha Sesame Street, ambaye alifutwa katika nakala za baadaye. Toleo lake la miaka 30, lililotoka mwaka 2023, lina rekodi za majaribio pamoja na onyesho la Woodstock la Agosti 1994, lile ambalo watazamaji na bendi walirushiana matope. Jalada lake, lililochorwa na Richie Bucher likiuonyesha mtaa wa Berkeley unaodondoshewa mabomu, limejaa vitu vidogo ambavyo skrini ya simu haivionyeshi, kwa hiyo nakala ya santuri ina thamani ya macho pia. Kwa Rancid, tafuta nakala yenye maneno ya nyimbo kabla ya kuangalia kingine chochote. Kwa Smash sioni sababu ya kuhangaika na toleo fulani. CD yoyote nzima itafaa.

Chagua kwa hali yako

Anayerudi kwenye muziki huu baada ya miaka mingi ya ukimya, na mwenye saa moja tu bila bughudha, Dookie ndiyo itakayompokea kwa urahisi zaidi. Ni fupi, inasikika vizuri, na nyimbo alizozisahau zina ubora uleule wa zile anazozikumbuka. Inamfaa zaidi mtu anayepita katika wasiwasi au uchovu wa akili na ambaye angefarijika kumsikia mwenzake akiyasema hayo bila aibu. Kama habari za milipuko zinamgusa, auache wimbo wa pili.

Anayetaka kuitoa hasira yake, garini au kwenye mazoezi ya mwili, achukue Smash. Inamfaa pia aliyetoka katika uhusiano uliomwumiza, na yule aliyempoteza rafiki kwa dawa za kulevya, kwa sababu albamu hii inayataja mambo hayo bila kuyazungukia. Aliyepoteza watu wake mwaka 1994 katika nchi za Maziwa Makuu aipange orodha yake mwenyewe kabla ya kubonyeza, au achague albamu nyingine. Hana deni la kumaliza.

Wolves inamfaa mwenye jioni nzima, spika nzuri na maneno mkononi. Inamfaa hasa mtu aliyehama alikozaliwa, awe Minneapolis, Leicester, Muscat au Dar es Salaam akitokea mkoani, kwa sababu nyimbo zake nyingi ni za mitaa, mabasi na marafiki waliobaki nyuma. Asiyevumilia sauti ya kukwaruza aanze na "Ruby Soho" na "Time Bomb", na kama hizo mbili hazikumvuta, albamu nzima haitamvuta.

Wawili waliozisikiliza albamu hizi pamoja utotoni, na ambao sasa wanaishi mbali, wachague ile ambayo kila mmoja anaikumbuka tofauti na mwenzake, kisha waandikiane walichokisikia wimbo kwa wimbo. Na ambaye amekwisha kuzirudia zote tatu na bado ana njaa, apitie mlango wa Rancid kurudi nyuma: kwanza Energy ya Operation Ivy, ya mwaka 1989, halafu London Calling ya The Clash, iliyotoka Uingereza Desemba 1979 ikiwa na nyimbo 19, ambamo panki, rege na ska zilikuwa zimekwisha kukaa chumba kimoja kabla ya vijana wa Berkeley kushika magitaa yao.